Kipindi cha Mazoezi Kisimezwe na Mitihani

Neno bodaboda lilizaliwa hapa mpakani katika miaka ya 1960, vijana wa Busia walipowavusha abiria kwa baiskeli baina ya vituo vya Kenya na Uganda. Kuendesha baiskeli kutwa nzima kuliimarisha mioyo na mapafu yao. Siku hizi pikipiki imeipokonya baiskeli kazi, na mwanafunzi hufika shuleni ameketi.

La kusikitisha ni kuwa shuleni nako kipindi cha mazoezi ya viungo humezwa na hisabati mitihani ikaribiapo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dakika 60 za mazoezi kila siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Mwanafunzi na aanze polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza akikimbia, apumue kwa tumbo wala si kwa kuinua mabega, kisha aongeze mwendo wiki baada ya wiki.

Hata hivyo, walimu wa Malaba wasiwakimbize watoto kando ya foleni za malori. Anayehema huvuta moshi mwingi wa dizeli kuliko aliyetulia. Viwanja vya shule vipo, tuvitumie. Akili nayo hutegemea pumzi.