Kosa la Mwanafunzi na Kosa la Mwalimu

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotushughulisha moyo, nalo ni namna tunavyoipokea kazi ya kijana iliyo na makosa.

Miaka mingi iliyopita, mwanafunzi wetu mmoja hapa Musoma, mwenyeji wa Bunda, alitunga shairi la kumsifu Bwana Mtume (S.A.W.) ili alisome katika Maulidi. Tulilitazama tukaona kuwa vina vimepotea katika ubeti wa tatu, na mishororo miwili ina mizani 15 badala ya 16. Tukalisoma kwa sauti mbele ya wenziwe, tukayahesabu makosa kwa vidole, nao wakacheka. Yeye aliikunja karatasi yake, akarudi kuketi. Nasi tulidhani tumefundisha.

Hivi karibuni tulikwenda Bunda kwa arusi, tukakutana naye. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Baada ya kujuliana hali tulimwuliza kama angali akitunga. Akajibu kwa adabu, "Tangu siku ile, Maalim, sikutunga tena." Hakuongeza neno, wala hakutulaumu.

Katika kurudi, tulipofika Makutano panapochepuka njia ya Butiama, tulimkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, na shule aliianza hapa Musoma, Mwisenge, mwaka 1934. Mwaka 1963, naye ni Rais, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare ilichapishwa kwa jina la Julius Caezar. Hakuiacha hapo. Aliirudia, akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatolewa tena ikiitwa Juliasi Kaizari. Hata jina lenyewe lilivikwa matamshi ya Kiswahili. Mwaka huohuo akatoa na Mabepari wa Venisi. Basi ikiwa kazi ya mkuu wa nchi ilirudiwa baada ya miaka 6, yawaje tumtake kijana wa miaka 14 alete iliyo kamili mara ya kwanza?

Tena sisi waalimu wa chuoni tuna hoja kubwa zaidi juu yetu. Imepokewa katika Hadithi Sahihi kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba asomaye Kurani kwa kusitasita na kuona taabu ana thawabu mbili. Hadithi hiyo tumeisomesha miaka yote. Ikiwa Mola humlipa anayekwama katika kusoma Maneno Yake, sisi ni nani hata tumcheke anayekwama katika kuhesabu mizani?

Hatusemi kwamba kosa liitwe sahihi. Mshororo wa mizani 15 umepungua, na mwalimu anayenyamaza humdhulumu mwanafunzi wake. Lakini jema lililomo litajwe kwanza, kosa lionyeshwe faraghani, na kijana aandike upya kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi ya kwanza asiitupe, apate kuona alikotoka. Nanyi wazazi, binti akifuma kitambaa kikapinda, msikifumue ninyi. Mwonyesheni uzi ulipopotea, akifumue mwenyewe na kuanza tena.

Tulimwandikia ndugu yetu wa Bunda kumwomba radhi, tukamsihi atuletee anayoyakumbuka katika shairi lile. Siku chache baadaye zikatufikia beti mbili. Ni nzuri, ingawa mshororo mmoja ungali na mizani 15. Tumeutia alama ndogo ya penseli pembeni, tukamrudishia, nasi twangoja jibu lake.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliowavunja moyo watoto wa watu, na awape vijana wetu subira ya kuanza tena. Amin.