Kijiti Kipo Mkononi, Mimba Imeingia: Kazi ya Ini Katika Dawa Tunazomeza

Miongoni mwa barua zilizoifikia safu yetu imo moja kutoka Mhunze, wilayani Kishapu, ambayo tuliisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne. Mumewe, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitafuta riziki katika machimbo, aliugua kifua kikuu akatibiwa. Baada ya miezi michache mama naye akapimwa makohozi, akakutwa na ugonjwa ule ule na kuanza dawa. Wakati huo alikuwa na kijiti cha kupanga uzazi mkononi, alichowekewa kwa makubaliano ya mke na mume. Katika mwezi wa nne wa tiba akajikuta mjamzito. Mume akasema kijiti kimetolewa kwa siri. Mama mkwe akaongeza maneno mazito zaidi, ambayo hatuoni haja ya kuyachapisha. Muuguzi alipoupapasa mkono, kijiti kilikuwa pale pale kilipowekwa. Sasa dada yetu anauliza: yawezekanaje?

Tunamjibu yeye, na kupitia kwake tunamjibu mume na mama mkwe, kwamba jambo hilo lawezekana kabisa, nalo linajulikana katika elimu ya tiba. Dhana mbaya, ambayo dini yetu imetuonya nayo, haikuwa na msingi katika nyumba ile. Kilichotokea kilitokea ndani ya ini.

Watu wengi huidhania dawa kuwa ni kitu kinachoingia mwilini, kikafanya kazi yake, kisha kikatoweka chenyewe. Sivyo. Mwili huiona dawa kuwa ni kigeni kinachopaswa kuondolewa, na kazi hiyo kubwa umekabidhiwa na Muumba ini. Ndani ya seli za ini zimo protini maalumu ziitwazo vimeng'enya, ambazo huvunja na kubadilisha umbo la dawa ili iweze kutoka kwa njia ya mkojo au nyongo. Zipo familia kadhaa za vimeng'enya hivi; iliyo mashuhuri zaidi wataalamu huiita saitokromu P450, na mmoja wa jamaa zake, CYP3A4, peke yake hushughulikia sehemu kubwa ya dawa zinazouzwa katika famasia zetu. Kipimo cha kila dawa, kidonge kimoja au viwili, kutwa mara moja au mara tatu, kimepangwa kwa kukadiria kasi ambayo vimeng'enya vitaiondoa. Kasi ikibadilika, kipimo kilekile kinaweza kuwa kidogo mno kikashindwa kutibu, au kikawa kikubwa mno kikadhuru.

Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini ndiyo inayobadilisha kasi hiyo kuliko karibu dawa zote zinazotumika katika zahanati zetu. Ndiyo hiyo inayofanya mkojo, jasho na hata machozi ya mgonjwa yawe na rangi ya chungwa. Rifampisini huingia ini na kuliamuru, kwa namna ya kusema, liajiri vibarua zaidi. Baada ya wiki moja hadi mbili vimeng'enya vimeongezeka sana, na kila dawa nyingine inayopita pale inavunjwa kwa haraka isiyo ya kawaida. Homoni inayotoka kidogo kidogo katika kijiti ni mojawapo. Kijiti kinaendelea kuitoa kama kilivyoundwa, lakini ini linaifyeka kabla haijatosha kuzuia mimba. Vidonge vya majira navyo hupatwa na hali hiyo hiyo.

Hapa Afrika Mashariki jambo hili limepimwa kwa dawa nyingine yenye tabia kama hiyo, nayo ni efavirenzi, iliyokuwa ikitumika sana kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Huko Kampala, watafiti walifuatilia wanawake 20 waliokuwa wakitumia efavirenzi huku wakiwa na vijiti mkononi; kabla ya mwaka kwisha, watatu kati yao walipata mimba. Magharibi ya Kenya, uchunguzi wa kumbukumbu za maelfu ya wanawake, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa wenye vijiti waliokuwa wakitumia efavirenzi walipata mimba kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wenzao wenye vijiti waliokuwa wakitumia nevirapini. Hakuna mume anayeweza kusema kwamba wanawake wale wote walitoa vijiti kwa siri.

Kwa nini basi tunaliandika kwa kirefu jambo hili kwa ajili ya watu wa Kishapu, Shinyanga na Geita? Kwa sababu ukanda wetu ni ukanda wa machimbo. Almasi ya Mwadui inachimbwa tangu miaka ya 1940, na dhahabu ya Geita imewavuta vijana kutoka kila kona ya nchi. Vumbi la mwamba lina silika, na silika ikiganda katika mapafu hudhoofisha ulinzi wake dhidi ya vijidudu vya kifua kikuu. Mchimbaji wa Mgusu au Nyarugusu hupeleka ugonjwa nyumbani bila kujua, ukawafikia mke na watoto katika chumba kimoja chenye dirisha dogo. Kwa hiyo rifampisini inamezwa katika nyumba nyingi za ukanda huu, na mara nyingi katika nyumba hizo hizo zipo dawa nyingine juu ya kabati.

Tusije tukaeleweka vibaya: rifampisini ni neema. Kabla yake tiba ya kifua kikuu ilichukua mwaka mmoja na nusu, na wengi waliikatiza njiani. Majaribio yaliyofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambayo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, ndiyo yaliyoonyesha ulimwengu kwamba miezi sita yatosha. Wagonjwa wetu wenyewe, pengine babu na bibi wa baadhi ya wasomaji, walichangia elimu inayotumika leo duniani kote. Mwenye kuacha dawa hii kwa kuhofia tuliyoyasema hapo juu anajiingiza katika hatari kubwa kuliko ile anayoikimbia. Dada yetu wa Mhunze naye asiache: dawa za kawaida za kifua kikuu huruhusiwa kwa mjamzito, na ugonjwa usiotibiwa ndio unaotishia uhai wake na wa mtoto.

Linalotakiwa ni kusema. Mgonjwa anapoandikishwa katika kliniki ya kifua kikuu aseme kila dawa anayotumia, ikiwamo ile anayoona haya kuitaja. Kwa upande wa uzazi, sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba havivurugwi na rifampisini kama vidonge na vijiti, hivyo wanandoa wanaweza kushauriwa kubadili njia, au kuongeza kondomu kwa muda wa tiba. Mgonjwa anayetumia dolutegraviri, ambayo siku hizi ndiyo nguzo ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nchini mwetu, huongezewa kidonge cha pili, akameza asubuhi na jioni badala ya mara moja kwa siku. Mzee mwenye presha anayetumia nifedipini anaweza kuona presha inapanda ingawa hajakosa kidonge hata siku moja. Mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi anaweza kuona sukari inapanda bila kubadili mlo. Hata dawa mseto ya malaria inaguswa: watafiti nchini Uganda walipima damu za watu waliotumia rifampisini na kukuta kiwango cha lumefantrini kimeshuka kwa zaidi ya nusu. Mtu wa namna hiyo akimaliza dozi ya malaria na homa ikarudi, arudi kituoni akapimwe upya, wala asiende dukani kununua dozi nyingine kwa kubahatisha.

Hayo ni ya dawa kugombana na dawa. Lipo jambo la pili, nalo linatokana na urithi.

Katika mfuko ule ule wa vidonge vya kifua kikuu imo isoniazidi, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1952. Haikuchukua miaka mingi waganga wakagundua ajabu: wagonjwa wawili wenye uzito sawa wakipewa kidonge sawa, saa chache baadaye damu ya mmoja ilikuwa na dawa nyingi na ya mwenziwe ilikuwa karibu imekwisha. Kisa chake ni kimeng'enya kingine cha ini, NAT2, ambacho kila mtu hurithi maelekezo yake kutoka kwa baba na mama. Aliyerithi maelekezo mazito kutoka pande zote mbili huiondoa isoniazidi polepole. Aliyerithi mepesi huiondoa upesi. Miongoni mwa Wajapani wanaoiondoa polepole ni kama mmoja katika kila kumi. Miongoni mwa watu wa Ulaya ni karibu nusu, na kwetu Afrika Mashariki nao ni wengi.

Mwenye mwendo wa polepole hana ugonjwa wala kasoro. Pengine asingejua maisha yake yote kama asingeumwa kifua. Lakini isoniazidi ikikaa mwilini huyapokonya mafahamu vitamini B6, na mgonjwa huanza kuhisi ganzi na miguu kuwaka moto. Ndiyo maana kliniki hutoa kidonge kidogo cha piridoksini pamoja na dawa zile. Tumewahi kusikia wagonjwa wakikiacha kwa kudhani ni vitamini ya mapambo tu. Si ya mapambo. Aidha, wenye mwendo wa polepole wamo katika hatari zaidi ya ini lenyewe kudhurika: macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito kupita ile ya chungwa iliyozoeleka, chakula kikichukiza na kutapika kukizidi, mgonjwa afike kituoni siku hiyo hiyo. Katika Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden wamekuwa wakichunguza kwa miaka jinsi tofauti za kurithi, hususan katika kimeng'enya CYP2B6, zinavyoamua ni nani atadhurika ini kwa efavirenzi na dawa za kifua kikuu.

Urithi una upande wa kinyume pia. Kodeini, inayopatikana katika baadhi ya dawa za maumivu na za kikohozi, haina nguvu mpaka ini liigeuze kuwa mofini. Wapo watu ambao ini lao huigeuza upesi mno, na utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta kwamba kati ya Waethiopia waliopimwa, 29 katika kila 100 wana urithi huo. Mama mwenye urithi wa namna hii akinyonyesha, mofini inaweza kupita katika maziwa na kumlegeza mtoto hadi pumzi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku kodeini kwa watoto wenye umri chini ya miaka 12 na kuwaonya mama wanaonyonyesha wasiitumie. Kumpa mtoto kijiko cha dawa ya kikohozi iliyobaki ya baba yake, kwa kuwa "ilimsaidia sana", ni jambo ambalo tungependa likome katika nyumba zetu.

Wengi watauliza: na dawa za asili? Ini halitofautishi kilichotoka kiwandani na kilichotoka shambani. Habbat soda, ambayo Waislamu tunaipenda na kuiheshimu, imejaribiwa kwa watu wenye afya na kuonekana kuwa hupunguza kasi ya baadhi ya vimeng'enya hivyo. Hilo haliiondolei baraka yake. Linatutaka tu tuitaje mbele ya daktari kama tunavyotaja kidonge, hasa kwa mwenye kutumia dawa za presha, kifafa au za kuzuia damu kuganda. Tunda la balungi lina tabia hiyo pia kwa baadhi ya dawa. Majani na mizizi inayouzwa minadani bila jina hatuwezi kuisemea lolote, na hilo lenyewe latosha kuwa sababu ya kutoichanganya na tiba ya kifua kikuu.

Vipimo vya kusoma urithi wa mtu kabla ya kumpa dawa vipo duniani, ila havimo katika zahanati zetu, na hatuoni faida ya kuwatamanisha wasomaji kitu wasichoweza kukipata Kishapu. Kinachopatikana ni daftari. Andikeni majina ya dawa zote za nyumbani, za kila mtu katika ukurasa wake, pamoja na kijiti, sindano na mitishamba. Na pembeni andikeni dawa iliyowahi kumletea yeyote madhara, kwa kuwa ndugu wa damu wanaweza kuwa na ini la tabia moja. Daftari hilo liende kliniki pamoja na kadi.

Jambo la mwisho linawahusu waliokaribia kumaliza dozi. Vibarua walioajiriwa na rifampisini hawaondoki siku kidonge cha mwisho kinapomezwa. Ini huchukua wiki mbili hadi nne kurudi katika mwendo wake. Kwa hiyo mwanamke aongeze mwezi mmoja wa tahadhari kabla ya kukitegemea kijiti tena. Na mzee ambaye dawa yake ya presha au sukari iliongezwa wakati wa tiba apimwe tena katika wiki hizo, kwani kipimo kile kilichoongezwa, ini likishatulia, kitakuwa kikubwa kwake.