Mkahawa Usio na Kahawa: Baraza la Kiswahili Ukambani

Kila inapotajwa jumuiya ya watunzi wa Kiswahili, macho ya wengi huelekea pwani. Huonekana wazee wa Lamu barazani, dele la kahawa juu ya makaa, na vikombe vidogo visivyo na mkono vikipita huku na huko. Picha hiyo ni ya kweli. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, ingali hai. Hata hivyo, imezaa dhana potovu kwamba mwanafunzi aliyelelewa Kitui au Makueni hana baraza, na kwa hiyo sharti aazime la wenzake. Tangu UNESCO ilipotangaza, mwaka 2021, kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, si ajabu kuona vijana wa bara wakivaa kanzu na kumimina kahawa chungu jukwaani, kisha wakavua yote na kurudi darasani.

Ukambani una baraza lake, nalo ni mkahawa wa kando ya barabara. Neno lenyewe lina kinaya: limetokana na kahawa, ilhali kinachochemka humo ni chai ya maziwa, na wateja huuita hoteli. Milima ya Mbooni na Kilungu huko Makueni hukuza kahawa, lakini buni husafirishwa kwenda kuuzwa mbali, naye mkulima akajiburudisha kwa chai. Hayo si hoja. Kinacholifanya baraza kuwa baraza ni benchi refu ambalo yeyote mwenye bei ya kikombe aweza kulikalia.

Chukua Emali, mji unaopakana na Kajiado. Mfugaji wa Kimaasai aliyeleta ng'ombe sokoni huketi bega kwa bega na mchuuzi wa Kikamba. Huko Mtito Andei, takriban nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa, huongezeka dereva wa lori na utingo wake. Kikamba, ambacho kinajitosheleza nyumbani, hapo hakitoshi. Anayetaka kuwachekesha watu hao wote kwa kisa kimoja hana budi kukitunga kwa Kiswahili, tena akitunge vyema, kwani hadhira ya mkahawani humwacha msimulizi mchovu na kugeukia sahani yake.

Sanaa hiyo haikuanza leo. Wakamba walikuwa na thome, uwanja wa mbele ya boma ambako wanaume waliota moto na kuzungumza. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alikusanya ngano za watu wake na kuzichapisha mwaka 1966 katika Akamba Stories. Lakini thome ilikuwa ya wanaume. Mkahawa, kinyume chake, aghalabu humilikiwa na mwanamke, naye ndiye mhakiki wa kwanza: akicheka yeye akiwa jikoni, kisa kimefaulu.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili cha humo kimeborongwa, hasa katika upatanisho wa kisarufi. Dai hilo lina ukweli kiasi. Hata hivyo, Kikamba nacho ni lugha ya Kibantu yenye ngeli na upatanisho. Mzungumzaji wake anapokosea, mara nyingi amefuata kanuni ya lugha mama. Hilo ni jambo la kuchunguzwa na mwanaisimu, si la kudharauliwa. Isitoshe, David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alithubutu kuchanganya Kiswahili na Kiingereza katika Without Kiinua Mgongo (1989), kitabu kinachokaribia mazungumzo ya mitaani kuliko insha nyingi za mitihani.

Vyama vya Kiswahili vina mazoea ya kusomeana mashairi kumbini, msomaji na msikilizaji wakiwa wa darasa moja. Makofi hupigwa hata kwa shairi bovu. Yafaa mashairi hayo yapelekwe kwenye hoteli za Kwa Vonza, eneo lenye Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, au za Wote, yakajaribiwe mbele ya fundi wa baiskeli na muuza ndengu. Kuna sharti moja tu: mwenye hoteli anaishi kwa kuuza chai, na kundi la wanafunzi kumi wanaoshiriki vikombe viwili kwa saa tatu humwibia benchi. Basi na waende saa tisa alasiri, chakula cha mchana kikiwa kimekwisha na wateja wa jioni hawajafika, na kila mmoja aagize chake.