Sahani Yetu, Miguu Yetu, na Ugonjwa wa Huzuni

Ndugu wanachama,

Katika mikutano yetu twazungumza habari za mshahara, nyumba, buti na zamu za usiku. Mambo hayo ni haki yetu, wala hatutaacha kuyasema. Lakini liko jambo moja ambalo hatulisemi, nalo latupunguza mmoja mmoja kama maji yanavyokula tuta la reli kwa chini. Jambo hilo ni ugonjwa wa huzuni, ule ambao madaktari huuita sonona. Sisi tuliotoka Kisii na Nyamira kuja kufanya kazi ya reli tumeona wenzetu wakishikwa nao, nasi tukanyamaza kwa aibu.

Leo twataka kusema neno moja. Chakula anachokula mtu, na jinsi anavyoutembeza mwili wake, vyaweza kumkinga na ugonjwa huu, na vyaweza kumsaidia aliyekwisha kushikwa apate nafuu. Tena vitu hivyo viwili wazee wetu walikuwa navyo nyumbani, nasi tumeviacha njiani. Hatusemi kwamba vyatosha peke yake, wala hatusemi mtu atupe dawa alizopewa na daktari. Twasema kwamba ni msaada ulio karibu na mkono wetu, na msaada ulio karibu haufai kudharauliwa.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Kila mtu hupata huzuni: amefiwa, amekosa ada ya mtoto, shamba limegawanywa likabaki kipande. Huzuni hiyo huja ikapita. Sonona haipiti. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi mtu ana uzito moyoni karibu kila siku, hapendi tena mambo aliyoyapenda, usingizi umemkimbia au amelala kupita kiasi, chakula hakina ladha, mwili umechoka kabla ya kazi, na anajiona hana maana hapa duniani, basi huyo ni mgonjwa. Ni mgonjwa kama mwenye malaria alivyo mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 280 ulimwenguni walikuwa na ugonjwa huu, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Lakini sisi twamwitaje mtu huyo? Kazini twamwita mvivu. Nyumbani twasema amerogwa. Majina haya mawili yote ni mabaya, na la pili limemwaga damu. Mwaka 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na watu kwa sababu ya kushukiwa uchawi. Tunapokosa jina la ugonjwa, twatafuta jina la jirani. Kwa hiyo kuujua ugonjwa kwa jina lake si maarifa ya wenye shahada tu. Ni jambo la kuokoa maisha ya mgonjwa na ya jirani yake pia.

Sasa tutazame sahani. Reli haikupita katika nchi ya Gusii. Njia ilifika Kisumu mwaka 1901 ikaishia ziwani, nayo milima yetu ikabaki kando. Basi mtu wa Gusii aliye katika kazi ya reli ni mtu aliye mbali na kwao. Amepanga chumba kimoja Nairobi, Nakuru au Mombasa. Asubuhi anywa chai yenye sukari tele na mandazi mawili. Mchana, kama kazi imempa nafasi, ala mkate na soda. Usiku apika ugali wa sembe nyeupe na mboga kidogo iliyokaangwa kwa mafuta mengi. Mwisho wa mwezi ala nyama siku moja na kunywa pombe siku tatu. Hicho ndicho chakula chetu, tusidanganyane.

Nyumbani tulikula nini? Tulikula obokima wa wimbi, ambao haukukobolewa. Tulikula chinsaga, ambayo Waswahili huiita mgagani, ikipikwa kwa maziwa mpaka uchungu wake upungue. Tulikula rinagu, yaani mnavu, na risosa, majani ya maboga. Kulikuwa na maharagwe, ndizi, parachichi, maziwa yaliyoganda, na omena kutoka ziwani. Mama aliyejifungua alipewa chinsaga ili damu yake irudi, na wazee hawakukosea, kwa maana mboga hizo zina madini ya chuma na vitamini nyingi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta amefanya kazi miaka mingi kuonyesha thamani ya mboga hizi za kwetu, ambazo kwa muda mrefu ziliitwa magugu na chakula cha maskini.

Pengine mtu atauliza: mboga na moyo vyahusiana wapi? Vyahusiana sana. Ubongo wa mtu ni mdogo, lakini peke yake hutumia kama sehemu moja ya tano ya nguvu yote ya chakula ambayo mwili watumia ukiwa umetulia. Ukiutilia sukari na unga mweupe tu, ni kama kutia makaa mabovu katika injini: moto wawaka ghafula, halafu wazimika mlimani. Mtu aliyepungukiwa chuma katika damu huchoka, hukosa pumzi na hukosa hamu ya mambo, na uchovu huo hufanana sana na huzuni.

Huko Australia, Profesa Felice Jacka na wenzake walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Walichukua watu 67 wenye sonona. Nusu yao walifundishwa kula mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa, maharagwe, samaki na mafuta mazuri, na kupunguza vitu vitamu na vya kukaangwa. Nusu nyingine walipewa mtu wa kuzungumza nao tu. Baada ya majuma 12, katika kundi la chakula watu kama 32 katika kila 100 walikuwa wamepata nafuu kubwa hata wasihesabiwe tena kuwa wagonjwa. Katika kundi lile jingine walikuwa 8 katika 100. Watu 67 ni wachache, na jaribio moja halimalizi maneno. Lakini tazameni ile orodha ya chakula, ndugu. Ukiondoa mafuta ya zeituni, ni sahani ya bibi zetu.

Kuhusu chai twaomba tusieleweke vibaya. Nyamira yaishi kwa majani ya chai, na viwanda kama Kebirigo na Sanganyi vimesomesha watoto wengi. Hatusemi watu waache chai. Twasema isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia mwili kuchukua chuma kilicho katika mboga. Subiri saa moja, kisha unywe. Na sukari ipunguzwe kidogo kidogo.

Habari ya pombe yajulikana. Mtu mwenye huzuni anywa ili asahau, na usiku ule kweli asahau. Lakini pombe huharibu usingizi na huushusha moyo zaidi siku ya pili, kisha anywa tena. Ni deni ambalo riba yake hukua kila asubuhi.

Sasa tutazame miguu. Watu wetu wajulikana kwa miguu. Naftali Temu, aliyeipa Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968 katika mbio za meta 10,000, alikuwa Mgusii. Lakini kwa ugonjwa huu hatuambiwi tukimbie kama Temu. Mwaka 2024 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha hesabu ya majaribio 218, yenye watu zaidi ya 14,000, juu ya mazoezi na sonona. Ilionekana kwamba kutembea, kukimbia polepole, kunyoosha viungo na kuinua vitu vizito vyote vilisaidia. Mazoezi ya nguvu yalisaidia zaidi, lakini hata mwendo wa taratibu ulikuwa na faida. Na katika hesabu nyingine ya mwaka 2022, waliotembea kwa haraka saa mbili na nusu kwa juma walikuwa na hatari ya kushikwa na sonona iliyopungua kwa robo hivi kuliko wasiofanya mazoezi yo yote. Hata waliofanya nusu ya hapo walipata sehemu kubwa ya faida hiyo. Saa mbili na nusu kwa juma ni dakika 20 na kidogo kwa siku. Ni mwendo wa kutoka stesheni mpaka nyumbani, ukiacha matatu vituo viwili kabla.

Hapa ndugu zetu wa gangi watacheka. Watasema: sisi twainua mataruma na kupiga kokoto tangu asubuhi, mazoezi gani tena? Na mama zetu wa Nyamira watasema: twachuma chai kutwa na kupanda mlima tukiwa na kikapu mgongoni, mbona huzuni yatupata? Swali hili ni la haki, na lina jibu. Wataalamu wameona kwamba mwendo unaoponya moyo ni ule ambao mtu aufanya kwa hiari yake, katika wakati wake mwenyewe. Kazi ya kulazimishwa, chini ya nyapara, kwa malipo yasiyotosha, haileti faida ile ile. Mwili wachoka na moyo haupumziki. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba wafanya kazi wa mikono hawahitaji mapumziko kwa sababu wamekwisha kufanya mazoezi. Mtu wa gangi ahitaji matembezi ya jioni akiwa huru, akizungumza na rafiki, kama karani naye anavyoyahitaji.

Liko jambo jingine gumu. Ugonjwa huu humnyang'anya mtu nguvu ile ile ambayo angeitumia kujisaidia. Kumwambia mgonjwa wa sonona, "Inuka utembee, upike mboga," kisha ukaenda zako, ni kumwongezea mzigo. Wazee wetu walikuwa na risaga. Majirani walikusanyika wakalima shamba la mmoja, kesho la mwingine, na aliyekosa kuonekana aliulizwa habari zake. Basi tufanye risaga ya namna hiyo hapa kazini. Usimwambie mwenzako atembee; mgongee mlango mtembee pamoja dakika 10. Usimwambie apike, changeni fedha watatu au wanne mnunue unga wa wimbi na managu kwa mama mboga, mpike sufuria moja. Kula pamoja kwenyewe ni nusu ya dawa.

Na mambo haya hayawezekani kwa maneno matupu tu. Mtu hawezi kula vizuri ikiwa zamu haina saa ya chakula. Hawezi kutembea jioni ikiwa amefanya zamu mbili mfululizo. Kwa sababu hiyo twapendekeza haya:

1. Saa ya chakula iandikwe katika mapatano yetu na waajiri, kwa zamu za mchana na za usiku, pamoja na mahali pa kupikia na maji safi.

2. Siku ya kupumzika iheshimiwe. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi apate siku moja angalau katika kila siku saba. Tusiiuze siku hiyo ovyo.

3. Mwenye sonona ahesabiwe kuwa mgonjwa. Sheria hiyo hiyo yampa mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ruhusa ya ugonjwa: siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Wajumbe wetu wamsaidie, wasimcheke.

4. Kila tawi lichague watu wawili wa kuwatembelea wenzetu walionyamaza.

Mwisho twasema na wewe ndugu ambaye moyo wako umeinama sasa hivi. Ikiwa huzuni imezidi, na hasa ikiwa mawazo ya kufa yanakujia, usingoje mboga wala matembezi. Mwambie mtu leo, na mwende pamoja hospitalini: hospitali ya rufaa ya Kisii, ya Nyamira, Mathari huko Nairobi, au yo yote iliyo karibu. Ugonjwa huu una dawa na una waganga wa mazungumzo. Wala usiogope polisi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Mtu huyo ahitaji kutibiwa.

Chama kilianzishwa kwa sababu mtu mmoja hawezi kusukuma behewa peke yake. Na huzuni nayo ni behewa zito. Tusukume pamoja.

Ni sisi wenzenu,
Wafanya kazi wa reli kutoka Kisii na Nyamira