Niacheni na Katuni Yangu ya Kipuuzi

Mhariri mmoja wa Nairobi aliniomba insha "kutoka kaskazini". Nikamuuliza kuhusu nini. Akasema chochote, bora kiwe kitu ninachokijua kwa undani. Nikamwambia basi nitaandika kuhusu KonoSuba. Akanyamaza siku mbili, kisha akajibu kwa upole sana: je, kuna namna ya kuihusisha na ukame?

Ipo. Tutafika. Lakini kwanza tuelewane kitu chenyewe ni kipi, maana wengi wanaonicheka hawajaitazama hata dakika kumi.

KonoSuba ni anime ya vichekesho iliyotoka kwenye riwaya za Natsume Akatsuki. Ilianza kuonyeshwa Japani Januari 2016, episodi 10 tu. Mwaka 2017 zikaja nyingine 10, 2019 ikaja filamu, na 2024 msimu wa tatu. Kazuma ni kijana aliyeacha kwenda shule, amejifungia chumbani na magemu yake. Siku moja anatoka nje, anaona msichana anakaribia kugongwa na lori, anamsukuma kando, anakufa. Shujaa, si ndio? Zii. Lori lilikuwa trekta linalotambaa kama kobe, msichana hakuwa hatarini, na Kazuma alikufa kwa mshtuko akidhani amekanyagwa. Anayempasha habari hii huko ng'ambo ni Aqua, mungu wa kike wa maji, na anampasha huku anacheka hadi anashika mbavu. Kazuma anaambiwa achague kitu kimoja cha kwenda nacho kwenye dunia mpya yenye mazimwi na uchawi. Kwa hasira tu, anamchagua Aqua mwenyewe. Wanafika, na huyo mungu hana faida yoyote.

Hapo ndipo waliponinasa. Katika anime nyingi za aina hii, mtu akihamia dunia nyingine anakabidhiwa upanga na nguvu kabla hajapangusa vumbi. Kazuma na Aqua wanafika kwenye chama cha wapiganaji na kukuta kuna ada ya kujisajili. Hawana. Aqua anaipata kwa kumbembeleza mzee mmoja, tena mfuasi wa mungu mshindani wake. Wakishasajiliwa hawaendi vitani. Wanaenda mjengo. Wanajenga ukuta wa mji, wanapakwa jasho na matope, usiku wanalala zizini kwa farasi. Na wanazoea, manze. Wanaanza kufurahia kazi, bafu la jioni na kinywaji, mpaka Kazuma anashtuka usiku mmoja kwamba amesahau alikuja kupigana na mfalme wa mashetani.

Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili. Karo ilinishinda, sina hadithi ndefu zaidi ya hiyo. Nilirudi Garbatulla, nikapata kibarua cha kuchanganya saruji, na episodi hiyo niliitazama mikono yangu ikiwa bado na nyufa za saruji. Nilikuwa nimeshasoma makala nyingi kuhusu vijana walioacha chuo. Zote zilinihurumia. Hii ndiyo ya kwanza kunicheka, na kucheka kulinifanyia kazi ambayo huruma haikuweza.

Sasa makosa. Kuna kitu mashabiki wanakiita fanisavisi, yaani kamera kwenda mahali ambapo hadithi haijaituma. Msichana anakimbia, kamera haiangalii anakimbilia wapi. Darkness ni shujaa wa kuvaa chuma mwili mzima, lakini mchoraji anatafuta kila sababu ya kumvua hicho chuma. Megumin, mchawi wao, riwaya zinasema ana miaka 13 au 14, na hapo siteti kitu: mtoto ni mtoto, na kila mara kamera inapomwangalia vinginevyo naruka mbele bila kumwomba mtu ruhusa. Halafu kuna tukio ambalo mashabiki wanalipenda kuliko yote. Kazuma anafundishwa ujuzi wa kuiba, anaujaribu kwa msichana aliyemfundisha, na kinachokuja mkononi mwake ni chupi. Hadharani. Anaipeperusha.

Binamu yangu wa kike alikuwa anatazama na sisi. Aliinuka akaenda. Nikamfuata nje nikamwambia, dada, si ni utani tu. Akaniuliza, "Na makanga akinivuta buibui steji, yeye husema ni nini?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Mwaka 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana barabarani kwa sababu wenzao walikuwa wanavuliwa nguo hadharani, na kwenye video zile kuna watu wanasikika wakicheka. Najua kicheko hicho kinafanana na nini. Kwa hiyo msinitumie meseji mkidhani nimekuja kusema tukio lile ni sanaa. Ni bovu. Lingeondolewa, hadithi isingepungukiwa na chochote.

Lakini kuna watu wanaochukua jibu la binamu yangu na kulifanya rungu, na hao ndio ninaogombana nao. Yeye alisema tukio fulani ni baya, akaenda, na kesho yake akarudi mwenyewe kuuliza yule msichana wa mlipuko ameishia wapi. (Megumin anajua uchawi mmoja tu, mlipuko mkubwa ajabu, mara moja kwa siku, kisha anaanguka kifudifudi na lazima abebwe mgongoni. Binamu yangu anasema anawajua walimu watatu wa hivyo.) Hao wengine wanasema: kwa kuwa tukio moja ni baya, kitu kizima ni kibaya, na wewe unayekicheka umeoza kidogo kidogo. Hiyo si hoja aliyoileta binamu yangu. Hiyo ni kazi ya bodi.

Na bodi tunazijua. Juni 2017, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ikiongozwa na Ezekiel Mutua ilipiga marufuku katuni sita, zikiwemo The Loud House, Steven Universe na Adventure Time, ati zinaharibu watoto. Nilikuwa sekondari. Darasani kwetu hakuna aliyekuwa amesikia hata moja. Kufikia mwisho wa mwaka tulikuwa tunazijadili kama wataalamu. Mwaka uliofuata bodi hiyo hiyo ikaifungia Rafiki ya Wanuri Kahiu, mahakama ikairuhusu siku saba tu mwezi wa Septemba, na watu wakapanga foleni. Kila anayetaka kutulinda na picha huishia kutupa orodha ya cha kutazama.

Kundi lingine linaniuma zaidi kwa sababu ni marafiki zangu. Wasee wa anime wa Nairobi, wale wa kuvaa mavazi ya wahusika kwenye matamasha, ambao ukitaja KonoSuba wanakuangalia kama umeagiza chapati kwenye hoteli ya nyota tano. Wao ni Attack on Titan, ni Vinland Saga, ni Monster. Anime yenye falsafa. Sawa. Monster nimeitazama yote, episodi 74. Ni kazi kubwa, sibishi. Sijawahi kuirudia. Na nawauliza: kwani hizo zenu hazina damu inayorukaruka kwa raha ya macho tu? Mtu akikatwa kichwa kwa mchoro mzuri mnaita uzito. Kamera ikizembea mnaita takataka. Macho yanabembelezwa kote kote, tofauti ni kwamba nyinyi mnabembelezwa mkiwa mmekunja sura.

Halafu kuchekesha ni kazi ngumu, watu wanasahau. Studio Deen haikuichora KonoSuba kwa unadhifu. Nyuso zinapinda, macho yanatoka, Aqua akilia uso wake unayeyuka kama mshumaa, na mwongozaji Takaomi Kanasaki ameuacha uyeyuke, kwa sababu uso nadhifu hauchekeshi. Sora Amamiya, anayemwigiza Aqua kwa sauti, analia vilio vya kila aina, cha deni, cha njaa, cha kuonewa, na sijui Kijapani ila kila kilio nakielewa. Msikilize mtu anayejua mchongoano: si maneno, ni sekunde anayosubiri kabla ya kuachilia. Wanazijua hizo sekunde.

Na kichekesho chao kina uti wa mgongo. Abunuwasi wa ngano zetu kila mara anamshinda tajiri kwa ujanja. Kazuma pia ni mjanja, ujanja wake unafaulu, na matokeo yake ni deni. Wanaokoa mji mzima usikanyagwe na ngome inayotembea. Katika kuuokoa, nyumba ya bwana mkubwa mmoja inalipuka. Zawadi yao ni kukamatwa, kesi, na bili ya kulipa miaka. Nionyeshe filamu ya Kikenya yenye falsafa iliyoielezea nchi hii vizuri kuliko hapo.

Nisije nikajidanganya, nami najua kuwa kichekesho. Ukitoka kwetu ukafika Nairobi unakuta lafudhi yako imetangulia kufika. Kuna mchekeshaji jukwaani anaisema, ni mlinzi, au ni mtu wa ngamia, au ni mtu aliyeona lifti mara ya kwanza. Nimekaa kwenye ukumbi kama huo nikicheka na wengine, na kuna kimoja sikukicheka hadi leo. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu aliyelichekesha taifa kwa lafudhi ya Kijaluo, na Wajaluo ninaowajua wanampenda. Hiyo tofauti siwezi kuipima kwa rula. Naweza kusema tu kwamba Ojwang' alikuwa mtu mzima ndani ya ile lafudhi, ana mke, ana hasira, ana mipango, anashindwa kama sisi. Yule mlinzi wa jukwaani hana kitu kingine. KonoSuba inapokosea, inakosea hivyo hivyo: msichana wa ile chupi kwa dakika hiyo hana kitu kingine. Inapopatia, Aqua ni mlevi, mwoga, ana majivuno, anabisha, anasamehe, analala zizini. Ni mtu mzima kuliko wanawake wengi walioandikwa kwa heshima.

Kahiu huyo huyo wa Rafiki amekuwa akitetea kitu anachokiita Afrobubblegum, yaani sanaa ya Kiafrika ya kufurahisha, isiyokuja kukufundisha kunawa mikono. Alitoa na kipimo: je, kwenye kazi hii kuna Waafrika wawili au zaidi wenye afya? Wana uwezo wa kifedha, hawangoji kuokolewa? Wanafurahia maisha? Nilipokisikia nilipiga makofi peke yangu chumbani. Kisha nikarudi kwenye swali la pili. Uwezo wa kifedha? Dada Wanuri, kwa heshima zote, hapo umetuacha steji. Namwelewa, amechoka na picha za wanaookolewa, kama nilivyochoka mimi. Lakini aliyefilisika naye anataka upuuzi, pengine kuliko mwenye pesa. Kijana wa hapa akiandika lazima aandike kiu. Akipiga picha, apige mzoga. Akitaka msaada wa kuchapisha, aonyeshe jamii itanufaika vipi. Hakuna anayemuuliza kijana wa Kilimani kicheko chake kina manufaa gani kwa jamii.

Sasa ukame, mhariri wangu, usidhani nimesahau.

Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Mwaka 2022 ukipita barabara ya kuelekea Kula Mawe (ndiyo, ni jina la mahali, na ndiyo, tumeshafanya utani wote) ungehesabu mizoga mpaka uchoke. Magari ya mashirika yalikuja, ya wapiga picha yakaja. Mjomba wangu alikuwa ameenda fora na ng'ombe zaidi ya arobaini. Alirudi na saba. Alifika jioni, akanywa chai, hakusema neno, na hakuna aliyemuuliza.

Sisi vijana tulikuwa wanne nje, simu moja tumeiegemeza kwenye mtungi wa maji, tunatazama episodi ya pili. Tulitaka kuizima kwa adabu. Mjomba akaashiria kwa mkono tuendelee, akaketi nyuma yetu juu ya debe. Kwenye simu, Aqua alikuwa amemrukia chura mkubwa kama lori, akampiga ngumi, na chura akammeza. Inabaki miguu tu inaning'inia nje ya mdomo.

Mjomba akainama mbele. "Huyo chura amemeza nini?"

Tukatazamana. Binamu yangu ndiye aliyejibu. "Ati ni mungu wa maji, abuya."

Mjomba akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, kwa Kiborana, na utamu wake kwa Kiswahili unapungua: "Kumbe ndiyo maana hainyeshi."

Alicheka yeye kwanza. Alicheka mpaka akakohoa, akasema astaghfirullah, akacheka tena. Mama akatoka ndani kuangalia kuna nini, na bahati mbaya alitokea sekunde ile ile Darkness anaonekana kwa mara ya kwanza, na nikaangusha simu kwenye mchanga nikijifanya imeteleza. Mjomba akaiokota, akaipangusa kwa kanzu, akanirudishia. Betri ilikuwa asilimia sita.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pale pa chura."