Meza ya Karani: Mbio za Kushindana na Saa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mashindano ya baiskeli. Najua wazee wengine watakunja uso, maana wameyaona ya kutosha. Mimi pia nimeyaona. Ndiyo sababu nawaomba mnisikilize mpaka mwisho.

Mwaka juzi, siku ya sikukuu ya somo wa parokia yetu, vijana 31 walipangwa katika mstari mmoja mbele ya kanisa. Filimbi ikalia, wakaondoka wote kwa pamoja kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Hawakufika hata sokoni. Wa mbele aliteleza, wa nyuma yake wakamkanyaga, na baiskeli moja ikamgonga bibi mmoja aliyekuwa amesimama kando na ndoo yake ya nyanya. Bibi alivunjika mkono. Jioni ile ile Paroko alisema: "Karani, sitaki kusikia tena habari za baiskeli." Nami nilikuwa nimeandika majina ya washindani kwa mkono wangu. Sikuwa na la kujibu.

Lakini vijana hawakuacha kushindana. Walikwenda kushindana barabara kuu, kati ya malori, bila mzee wala mlinzi. Hapo nikaona kwamba kuwakataza tu si dawa. Ilitupasa kutafuta namna nyingine.

Na namna hiyo ipo. Tena ilizaliwa na shida kama yetu. Zamani, nchini Uingereza, waendesha baiskeli walikuwa wakishindana kwa makundi barabarani. Mwezi Julai mwaka 1894 kundi moja lilimpita mama aliyekuwa katika gari la farasi; farasi akashtuka, waendesha baiskeli wakaanguka, na yule mama akapeleka mashtaka polisi. Mmoja wa waliokuwa katika mbio zile aliitwa Frederick Thomas Bidlake. Huyo alifikiri hivi: ikiwa kosa ni kwenda kwa kundi, basi kila mtu na aende peke yake, na saa ndiyo iseme nani mshindi. Mwezi Oktoba mwaka 1895 mbio za namna hiyo zikafanyika, maili 50. Kwa miaka mingi Waingereza walizifanya alfajiri, kabla ya watu kujaa njiani, washindani wamevaa nguo nyeusi, hata mpita njia asijue kama anaona mashindano.

Leo mbio hizo zinajulikana duniani kote. Majirani zetu wa Rwanda waliziona kwa macho yao mwezi Septemba mwaka 2025, wakati mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Yalianza kwa mbio za saa. Mbelgiji Remco Evenepoel alishinda, naye njiani alimpita Tadej Pogačar wa Slovenia aliyekuwa ameondoka dakika mbili na nusu kabla yake.

Basi, mwaka jana nilimwendea Paroko na karatasi mkononi, nikamweleza. Alinitazama kitambo, akasema: "Jaribu. Lakini bibi yule akisema hapana, basi ni hapana." Nikaenda kwa bibi. Akauliza neno moja tu: "Watakuja wangapi kwa mara moja?" Nikasema, "Mmoja, bibi." Akasema, "Mmoja nitamwona." Tukapata ruhusa.

Sasa nawaeleza tulivyofanya, ili parokia au kigango kinachotaka kisianze gizani.

Kwanza ni njia. Tulichagua njia ya kilometa 10 kwenda mpaka darajani na 10 kurudi, yaani mahali pa kuondokea na pa kufikia ni pamoja. Hivyo meza ni moja, saa ni moja, na watu hawagawanyiki. Njia yafaa iwe na mapito machache na isivuke barabara ya magari. Tuliipima kwa gurudumu. Tia alama ya chaki juu ya tairi, sukuma baiskeli mpaka alama irudi chini mara moja, kisha pima urefu huo. Ukipata meta 2 na sentimeta 20, kilometa 10 ni mizunguko kama 4,545. Funga kitambaa kwenye spoku, na watoto wawili wa shule wahesabu. Mwenye pikipiki yenye mita nzima aweza kuwapunguzia kazi, lakini watoto wangu walifurahia hesabu ile.

Pili ni ruhusa na walinzi. Andika barua mapema kwa serikali ya kijiji na kwa polisi, utaje siku, saa na njia. Waambie wenye ng'ombe, maana kundi likivuka njia saa hiyo, hakuna breki itakayosaidia. Weka mtu mzima kila penye njia panda. Kwenye mgeuko wa darajani weka mtu mwenye daftari, aandike namba ya kila anayegeuka. Bila yeye yuko mwerevu atakayegeuka kilometa ya nane. Mwombe mganga wa zahanati awepo na vifaa vyake. Na kila baiskeli ikaguliwe asubuhi ile: breki zote mbili, cheni, usukani, tairi. Fundi wetu alikataza baiskeli tatu. Wenyewe walinung'unika, akawaambia heri manung'uniko kuliko matanga.

Tatu ni mwondoko. Kila mshindani apewe namba, na mmoja aondoke kila dakika. Waingereza wana desturi nzuri sana: namba ya mtu ndiyo dakika yake. Kama mbio zaanza saa 1 asubuhi, namba 1 huondoka saa 1 na dakika 1, namba 7 huondoka saa 1 na dakika 7. Mtu mmoja humshikia kiti asianguke, miguu yote miwili ikiwa juu ya pedali. Humshika tu, hamsukumi. Mshika saa huita: sekunde 30, sekunde 10, kisha tano, nne, tatu, mbili, moja, nenda! Wanaojulikana kuwa na nguvu usiwapange mfululizo. Watawanye, wasikutane njiani. Tena sharti wote wajue kwamba ni mwiko kujificha nyuma ya mwenzako ili akukingie upepo. Ukipitwa, mwache aende zake. Wenye baiskeli za gia tuliwaweka mbali na wenye Phoenix za kawaida, maana si haki kuwapima pamoja.

Neno moja juu ya upepo, kwa vijana. Wengi hudhani kwamba upepo wa mbele wakati wa kwenda hulipwa na upepo wa nyuma wakati wa kurudi. Sivyo. Mwenye mwendo wa kilometa 20 kwa saa, siku isiyo na upepo, humaliza kilometa 20 kwa dakika 60. Siku ya upepo, tuseme anakwenda kwa 15 na kurudi kwa 25. Kwenda ni dakika 40, kurudi ni 24, jumla 64. Amepoteza dakika nne. Kwa hiyo asiyejua hutumia nguvu zake zote kwa hasira kilometa tano za kwanza, akarudi amekwisha. Anayejua hugawa nguvu kama mama anavyogawa unga mwezi wa njaa.

Na mabinti je? Wazazi wengine waliniuliza kama yafaa. Niliwasimulia habari za Beryl Burton, mama mmoja wa Yorkshire, Uingereza, aliyekuwa akifanya kazi ya shamba. Mwaka 1967, katika mbio za saa 12, aliwafikia wanaume walioondoka mbele yake, hata yule aliyekuwa anaongoza, Mike McNamara. Alipompita alimpa peremende, naye akashukuru. Siku ile alikwenda maili 277 na robo, yaani kilometa 446 hivi, na kwa miaka miwili hakuna mwanamume Mwingereza aliyefikia hesabu hiyo. Baadaye binti yake pia aliendesha baiskeli kama mama yake. Kwetu waliandikwa mabinti watano, na hakuna aliyeanguka.

Basi siku ikafika. Padre alizibariki baiskeli, akatukumbusha kwamba mwaka 1949 Papa Pio XII alimweka Bikira Maria wa Ghisallo, kule Italia, kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Wakaondoka mmoja mmoja, kimya, kwa heshima. Bibi yule alikuja na kiti chake, akakaa chini ya mwembe, mkono umekwisha kupona. Hakuna aliyeumia. Mwenzangu kijana ndiye aliyekuwa akiondosha watu. Mimi nilikaa mezani na saa, nikiandika saa ya kufika. Kisha nikafanya hesabu: saa ya kufika, toa dakika ya namba. Mshindi akawa namba 18 kwa dakika 48 na sekunde 5. Wa pili, namba 7, dakika 48 na sekunde 20. Namba 18 alipewa mbuzi, watu wakaimba, tukaenda nyumbani.

Usiku, kwa taa, nilikuwa nikinakili habari katika daftari la parokia. Nikafungua na daftari la yule kijana wa mwondoko. Nikaona ameandika: "Namba 9 hayupo. Namba 10, saa 1 na dakika 9." Nikasoma tena. Namba 18 ameandikiwa saa 1 na dakika 17. Moyo wangu ukashuka. Namba 9 alikuwa hakuja, na yule kijana, asitake kupoteza wakati, alimtia namba 10 katika dakika ya namba 9. Kutoka hapo wote walitangulia dakika moja, nami nilikuwa nikiwahesabia kwa namba zao. Wote wa nyuma niliwazawadia dakika nzima. Namba 18 alifika saa 2, dakika 6 na sekunde 5. Toa saa 1 na dakika 17: ni dakika 49 na sekunde 5. Mshindi wa haki alikuwa namba 7.

Kosa halikuwa la kijana. Sikumwambia kwamba mtu asipokuja, dakika yake huachwa tupu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na madaftari mawili, nisiyalinganishe.

Nawaambia kweli, nilishawishika kunyamaza. Namba 18 ni mtoto wa mzee mwenye sauti katika baraza la parokia. Namba 7 ni kijana wa kubeba mkaa, hana baba, wala hakulalamika. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa. Nani angejua? Lakini nilimkumbuka kijana yule alivyosimama kando wakati wa nyimbo, akifuta cheni yake. Sekunde hizo 45 zilikuwa zake, na mimi ndiye niliyezitoa mfukoni mwake.

Asubuhi nilimweleza Paroko. Alisema, "Utasimama wewe mwenyewe, si mimi." Jumapili, wakati wa matangazo, nikasimama. Nikasoma hesabu zote mbili, nikaomba radhi. Mbuzi wa pili nilimnunua kwa mshahara wangu, na mke wangu, ambaye alikuwa amekwisha kupangia fedha ile kitu kingine, hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Huko alisema mengi.

Yule mzee hakunisalimu muda wa mwezi mzima. Lakini kijana wake alikuja ofisini siku ya Jumanne, akasimama mlangoni. "Bwana karani," akasema, "mimi nilijua. Nilisikia dakika ikiitwa, nikaona si yangu. Nikadhani wewe una hesabu yako." Nikamwuliza mbona hakusema. Akatazama chini: "Mbuzi alikuwa ameletwa." Sikumgombeza. Mbuzi yule yule alikuwa ametufumba macho sote wawili. Siku ile ile alikwenda mwenyewe kwa namba 7, na yaliyosemwa huko ni yao.

Msidhani sekunde ni kitu kidogo. Mwaka 1989, katika mbio kubwa za Ufaransa, baada ya majuma matatu na zaidi ya kilometa 3,000, siku ya mwisho ilikuwa ya mbio za saa, kilometa 24 na nusu. Mmarekani Greg LeMond alianza akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. Walipomaliza, LeMond alikuwa mbele kwa sekunde 8. Mshika saa mzembe angeweza kubadili yote.

Kwa hiyo ninyi mtakaojaribu, shikeni haya. Saa ziwe mbili, nazo zilinganishwe kabla ya kuanza. Simu za mkononi zina saa nzuri ya sekunde. Mmoja asome saa kwa sauti, mwingine aandike. Asiyekuja, dakika yake iachwe tupu. Anayechelewa ahesabiwe tangu dakika yake iliyopangwa. Hesabu ifanywe na watu wawili mbali mbali, kisha walinganishe. Na zawadi isitolewe mpaka karatasi ibandikwe ukutani kwa saa nzima, kila mtu aisome na aulize. Mbuzi aweza kungoja saa moja. Hana haraka ya kuchinjwa.

Mwaka huu twategemea kufanya tena, mungu akipenda, baada ya mavuno. Majina yamekwisha kuanza kuletwa. Namba 7 na namba 18 wa mwaka jana walikuja pamoja kujiandikisha, juu ya baiskeli moja, maana ya mmoja wao ina pancha. Bibi naye ameuliza kiti chake kitawekwa wapi.