Ngoja Ngoja ya Wenye Ndoa

Wahenga walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hatudhani kuwa wako watu waijuao kweli ya methali hiyo kuliko mume na mke waliotengwa na bahari, wanaongoja karani asiyewajua awape ruhusa ya kuishi chini ya paa moja. Zamani jambo hili lilikuwa la watu wachache wa mijini. Siku hizi kijana wa shambani naye huvuka bahari kutafuta kazi, na mkewe hubaki nyuma. Kwa hiyo habari za viza ya mwenzi wa ndoa si habari za wakubwa tu. Ni habari za wafanya kazi, na yatupasa kuzichungua.

Tuchukue mfano. Kijana wa Nambilanje, katika wilaya ya Ruangwa, ameishi Uingereza miaka mingi kwa halali, amepewa haki ya kukaa huko daima, na anafanya kazi ya usafi katika hospitali. Mkewe yuko nyumbani, anapalilia mikorosho na kuvuna ufuta. Ndoa yao ni ya kweli, wazee wa pande zote mbili ni mashahidi. Je, mke huyu atamfuata mumewe lini?

Kabla ya kuulizwa kama wanapendana, wataulizwa juu ya fedha. Julai 2012 serikali ya Uingereza iliweka sharti kwamba mtu anayetaka kumleta mwenzi wake awe na pato la pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kiasi hicho kilipandishwa hadi pauni 29,000. Sasa wafanya kazi na wapige hesabu pamoja nasi. Mtu aliyefanya kazi saa 40 kila juma, majuma yote 52 ya mwaka, kwa mshahara wa chini uliowekwa na serikali ileile Aprili 2025, yaani pauni 12.21 kwa saa, alipata kiasi cha pauni 25,400. Hakufika. Maana yake ni kwamba serikali hiyo yasema kwa kinywa kimoja kuwa mshahara huu wamtosha mtu kuishi, na kwa kinywa kingine kuwa haumtoshi kuwa na mke kutoka ng'ambo.

Baada ya pato huja ada. Tangu Aprili 2025 maombi ya mwenzi aliye nje ya Uingereza yalitozwa pauni 1,938, na juu yake pauni 3,105 za matibabu kwa muda wa viza ya kwanza. Jumla ni pauni 5,043, nazo hulipwa kabla ya jibu. Tena mke huyo lazima afanye mtihani wa Kiingereza, na apimwe kifua kikuu katika zahanati iliyokubaliwa. Kwa mtu wa Nambilanje maana ya maneno hayo ni safari ya kwenda Dar es Salaam, nauli, chakula na malazi, na pengine kurudi tena mara ya pili.

Ndipo kungoja kunapoanza. Kwa muda mrefu kipimo kilichotangazwa kilikuwa majuma 12. Mwaka 2022 watumishi wengi walihamishiwa maombi ya watu waliokimbia vita vya Ukraine, na kipimo cha wenye ndoa kikafanywa majuma 24. Baadaye kilipunguzwa tena. Hatuwaonei kijicho watu wa Ukraine kwa kufunguliwa mlango; waliokimbia mabomu walistahili kupokewa upesi. Lakini jambo lile lilitufundisha somo. Lilituonyesha kwamba upesi wawezekana serikali inapotaka. Vilevile, katika nchi nyingi mwombaji aweza kununua upesi huo kwa kulipa ada ya ziada. Basi foleni hiyo si kama foleni ya kisimani, ambako aliyetangulia ndiye huteka kwanza. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Wengine watasema kwamba kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake, na kwamba ziko ndoa za uongo zifungwazo kwa ajili ya karatasi tu. Twakubali. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza abishaye ni nani. Lakini kipimo cha pauni 29,000 hakimkamati mwongo, bali humkamata maskini. Mwongo mwenye fedha hupita, na mkweli asiye nazo hukaa nje. Mwaka 2017 Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza, ilipoamua kesi ya sharti hilo, ilisema kwamba kuweka kiwango cha pato si kinyume cha sheria, lakini ilikiri kuwa kimewaletea watu wengi taabu kubwa, na ikaikosoa serikali kwa kutojali vya kutosha masilahi ya watoto.

Tarehe 11 Machi 2024 likaja jambo la wazi zaidi. Wafanya kazi wa kutunza wazee na wagonjwa walioomba kuingia Uingereza kuanzia siku hiyo walikatazwa kuleta wake, waume au watoto. Walitakiwa kuja peke yao, wawaogeshe wazee wa watu na kuwalisha, huku wazee na watoto wao wenyewe wakibaki nyumbani. Kule Ghuba nako, mwanamke wa Kitanzania aendaye kutumika ndani ya nyumba za watu hawezi kumwita mumewe. Hulala katika nyumba ya tajiri wake, na ruhusa yake ya kukaa imefungwa kwa tajiri huyo.

Sisi watu wa Tanzania hatuoni jambo hili kuwa jipya. Wazee wetu walikwenda mashamba ya mkonge wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, nayo ilikusanya watu kutoka mbali, hata kutoka kusini yetu na ng'ambo ya Ruvuma. Mshahara uliokatwa ulikuwa wa mtu mmoja, kana kwamba kibarua hakuzaliwa na hatazaa. Mke aliyebaki kijijini ndiye aliyelima, akalea, akamlisha mume alipodhoofika na kurudishwa. Kwa njia hiyo tajiri alipata mikono ya mfanya kazi, na gharama ya nyumba yake akaiacha ibebwe na jembe la mkewe. Leo jina la manamba limekufa, lakini hesabu yake ingali hai. Wanaitaka mikono, hawaitaki nyumba.

Hiyo ndiyo sababu twasema kwamba kungoja ni kodi. Hakuna risiti yake, lakini hulipwa. Mume hutuma fedha za nyumba mbili. Mtoto huanza kutembea, baba yake akamwona katika simu tu. Mke kijijini huwa si mjane wala si mwenye mume, na maneno ya jirani humchoma. Ndoa nyingi zilizo imara zimevunjika katika kungoja, kisha wakubwa husema, “Mwaona, haikuwa ndoa ya kweli.”

Hata hivyo tusiwe kama nyani asiyeona kundule. Na sisi tuna mlango wetu, na mlango huo una makosa yake. Nchi yetu ya kusini imeishi na watu wa Msumbiji siku zote. Katika vita vya ukombozi FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa Nachingwea, nasi tuliwaita ndugu. Mwaka 2010 Daraja la Umoja lilifunguliwa juu ya Ruvuma, kutoka Mtambaswala hadi Negomano. Watu wanavuka, wanafanya biashara, na wanaoana, kama ilivyokuwa kabla wakoloni hawajaufanya mto kuwa mpaka.

Lakini tazameni sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995. Mwanamume wa Nambilanje akioa mwanamke kutoka Mueda, mke huyo ana haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake. Mwanamke wa Nambilanje akiolewa na mwanamume kutoka Mueda, ndoa haimpi mumewe haki hiyo. Huyo mume lazima apite njia ya mgeni yeyote, pamoja na kutimiza miaka ya kukaa nchini inayohesabiwa kwa 7 katika 10. Binti yetu amekosa nini? Kenya, kwa katiba yake ya mwaka 2010, imempa mwenzi wa raia, awe mume au mke, haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa. Twaweza kuwalaumu Waingereza kwa kupima ndoa kwa fedha huku sisi tukiipima kwa jinsia? Hatuwezi, mpaka tusafishe nyumba yetu kwanza.

Liko na jambo la pili lililo mikononi mwetu. Mara nyingi ucheleweshaji huanzia kijijini, mwaka mzima kabla ya karani wa London kuliona faili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za kiserikali, za dini na za kimila. Ndoa ya kimila yapasa kuandikishwa ndani ya siku 30. Isipoandikishwa haibatiliki, bado ni ndoa mbele ya sheria yetu. Lakini karani wa ng'ambo hamjui mshenga wala hakula pilau ya harusi. Yeye ajua cheti. Wangapi kati yetu wana vyeti? Wangapi wana vyeti vya kuzaliwa ambavyo majina yake yalingana na ya pasipoti? Herufi moja iliyokosewa yaweza kuzaa maswali ya miezi.

Basi twawashauri ndugu zetu mambo machache. Ndoa iandikishwe mapema, si siku ya safari. Hati za mshahara wa miezi 6 na karatasi za benki zikusanywe kwa utaratibu, ziafikiane, na zisiwe zimepitwa na siku 28 maombi yanapopelekwa. Cheti cha kifua kikuu hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo kisichukuliwe mapema mno. Barua za Kiswahili zitafutiwe tafsiri iliyothibitishwa. Kipimo kilichotangazwa kikipita bila jibu, mtu asinyamaze. Aulize kwa maandishi, akitaja namba ya maombi. Aliye Uingereza amwendee mbunge wa mahali anapokaa, maana wabunge wa huko huwaulizia wakazi wao Wizara ya Mambo ya Ndani. Jibu likiwa la kukataliwa, barua isomwe siku ileile, kwa kuwa aliye nje kwa kawaida hupewa siku 28 za kukata rufani. Wala mtu asimpe fedha mjanja asemaye kwamba anamjua mtu ndani.

Na kwa viongozi twasema hivi. Matawi ya chama na ofisi za kata zina watu wanaojua kusoma na kuandika. Wawasaidie wananchi kupata vyeti bila kuzungushwa. Wabunge waitazame tena sheria ya mwaka 1995, ili binti wa Tanzania awe na haki aliyo nayo kaka yake. Na ofisi zetu zinazoshughulikia hati za wageni waliooa au kuolewa hapa zibandike ukutani muda wa kila hati, ili mwananchi ajue siku ya kurudi na siku ya kulalamika.

Subira yavuta heri, hilo ni kweli. Lakini subira ni sifa ya mtu anayengoja mvua, kwa kuwa mvua haina karani. Ucheleweshaji uliofanywa na watu waweza kuondolewa na watu. Tudai ule ulio ng'ambo uondolewe, na huu wa kwetu tuuondoe wenyewe.